Jinsi Pijo la Masele Lilivyompeleka Manju Bujora

Kila neno lililomo humu ni kweli, kweli kavu, kweli isiyotiwa maji. Atakayebisha na aende Bujora akaulize. Na akifika asiulize watu, maana watu husahau na wengine ni waongo, aulize nyasi za uwanja wa ngoma. Pale Pijo lilipozunguka hazijathubutu kuota mpaka leo.

Mzee Masele wa Nyakato, mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa na Pijo 404 la rangi ya maziwa mgando. Ufundi hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua vitu, akashindwa kuvifunga, akavifungua tena kwa hasira. Gari hilo enzi za ujana wake lilishindana na treni kutoka Fela hadi mjini, likaishinda, kisha likageuza kurudi kumpa pole dereva wa treni. Mara nyingine lilifungwa kamba likamburuta sangara kutoka ziwani, na samaki huyo alipotoka maji yakapungua hata wavuvi wa Kigongo wakadhani kiangazi kimewahi. Lakini hayo si ya kisa hiki. Yametajwa ili ijulikane tu ni gari la namna gani.

Kisa chenyewe kilianza kwa mdomo, kama mambo mengi ya Masele.

Sikukuu ya Bulabo ilikuwa imekaribia, na pale Bujora pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana kutambiana. Masele ni Mgika tangu tumboni mwa mama yake. Bujora hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala karatasi. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na watu ndio wanaoamua, tena kwa miguu: upande unaovutia umati ndio ulioshinda, na upande uliobaki na mbuzi wawili na mlevi mmoja, basi, urudi nyumbani ukajifunze. Ndiyo maana manju, yule mtunzi na kiongozi wa wimbo, ni kila kitu. Manju akichelewa hata kwa nyimbo mbili, umati umekwenda, na umati ukishakwenda haurudi.

Manju wa Bagika ni Bibi Evelina wa Busisi, ng'ambo ya maji. Katika kikao cha maandalizi mtu akasema bibi huyo aje na Hiace pamoja na wachezaji. Masele akasimama.

"Hiace?" akauliza, kana kwamba kataja ugonjwa. "Manju wetu apangwe kama mafungu ya dagaa? Mimi nitampokea Kigongo kwa Pijo langu, nimshushe Bujora kiatu chake hakina vumbi. Nisipomfikisha kabla ngoma haijaanza, msinihesabu tena Mgika. Nitakaa na akina mama wa Bagalu, niwashikie watoto."

Watu wakapiga makofi. Paskazia, mkewe, hakupiga. Alikuwa anajua kwamba wakati maneno yale yakisemwa Pijo lilikuwa juu ya matofali, na kuku mmoja alikuwa ametagia kwenye kiti cha nyuma.

Tangu siku hiyo Masele hakutulia. Alilala akiamka. Alikula akisimama. Alinunua pampu ya mafuta kwa Mbaruku, muuza vipuri vya zamani pale Nyakato, na kununua huko kulimkosesha raha zaidi, kwa sababu Mbaruku alikuwa mtani wake na tena Mgalu. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na reli, bibi yake Msukuma wa Kisesa. Kwa hiyo Mbaruku alikuwa na ulimi wa pwani na roho ya Bagalu, mchanganyiko ambao Masele aliuita sumu ya panya.

"Mtani, pampu hiyo itakufikisha mpaka ahera," Mbaruku alimwambia siku ya kununua.

"Mimi naenda Bujora tu."

"Basi itakupitiliza."

Maneno hayo yakamkaa Masele kifuani kama ugali wa baridi. Kila mtu anajua kwamba siku za Bulabo pande hizi mbili hutegeana dawa. Ng'ombe mzima huanguka, sauti ya manju hukauka, ngoma hupasuka bila kupigwa. Watashindwaje kulitilia gari kitu kwenye tangi? Usiku wa kuamkia safari akalizunguka Pijo na tochi, akiangalia mlango wa adui. Akauona. Kwenye kifuniko cha tangi kulikuwa na katundu kadogo, kembamba kama ka sindano. Hapo hapo ndipo mtu angepulizia dawa yake akaenda zake bila kuonekana! Akachukua nta ya nyuki, akaiminya tunduni mpaka ikalainika ikalala. Kisha akakata pete ya mpira wa tyubu, akaiweka chini ya kifuniko, akakaza kwa nguvu zake zote. Asubuhi akamwambia Paskazia, "Hata malaika hapiti pale."

"Mungu akuhurumie, Baba Rose," Paskazia akasema, akamfukuza kuku kutoka kiti cha nyuma.

*

Bibi Evelina alivuka daraja kutoka Busisi juu ya bodaboda, amekaa upande, usinga begani kama bunduki. Mdogo wa umbo, mkubwa wa macho. Upande wa Kigongo dagaa walikuwa wameanikwa, na upepo wa ziwa ulikuwa unawagawia watu wote harufu bila upendeleo.

"Shikamoo, mama," Masele akainama.

"Marahaba. Ndilo hilo?"

"Ndilo lenyewe."

Bibi Evelina akalitazama Pijo kuanzia taa hadi mkia. "Nimeimba kwenye misiba ya vitu vizima kuliko hiki," akasema, akaingia kiti cha mbele.

Pijo likawaka kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo. Masele akamtupia mkewe, aliyekaa kiti cha nyuma, jicho kwenye kioo. Barabara ya lami ikafunguka mbele yao, majabali kushoto, mihogo kulia, na injini ikiimba wimbo mmoja mzuri usiobadilika. Masele akaanza kumsimulia manju habari za treni ya Fela. Alikuwa amefika mahali dereva wa treni anapolia, ndipo Pijo nalo likakohoa. Likakohoa tena. Likajivuta mbele kwa mishtuko kama punda anayekataa mto, kisha kimya.

"Limemaliza kusikiliza," Bibi Evelina akasema.

Masele alikuwa ameshafungua boneti. Hakuogopa, alijisemea hakuogopa. Gari la petroli linataka vitu viwili, moto na mafuta. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Paskazia apige stata. Cheche ikaruka ya buluu. Moto upo. Basi ni mafuta. Akachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akauelekeza kwenye kopo.

"Piga tena!"

Stata ikalia. Ule mpira ulitakiwa utapike petroli kila injini inapozunguka. Ukatema tone moja, la pili, ukaacha.

"Pampu!" Masele akapiga kelele kwa furaha ya mtu aliyempata mwizi. "Nilijua! Mzaramo yule kaniuzia pampu mfu!"

Akaichomoa mipira yote miwili ya pampu, akafungua kifuniko chake, akautazama mpira wa ndani ule unaopanda na kushuka. Ulikuwa mzima. Hauna ufa, hauna hata kikunjo. Akaupapasa, akaunusa, akaulaani kidogo, akaurudisha. Alipounga mipira na kupampu kwa mkono, petroli ikaja kwa fujo, ikamrukia kidevuni. Pijo likawaka.

"Umeona, mama? Pampu inataka kutishwa."

"Jua nalo litishe lisiende," manju akajibu.

*

Walipopita Usagara na kuchukua barabara ya kwenda Kisesa, Masele hakusimulia tena habari za treni. Alikuwa anasikiliza. Mtu anayesubiri gari lizime husikia kila kitu: msumari ukilegea, tairi likimeza kokoto, mkewe akihesabu rozari chini chini. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye usukani. Bibi Evelina alikuwa anajaribu sauti, anaimba mstari, anaacha, anachungulia jua, anaimba tena.

Simu ya Paskazia ikaita. Walikuwa wachezaji, wamekwisha kufika Bujora na Hiace yao.

"Wanauliza tuko wapi."

"Waambie tunaingia Kisesa."

"Baba Rose, hata Fela hatujaifikia."

"Waambie Kisesa! Tukifika itakuwa kweli."

Likakohoa. Likazima.

Safari hii Masele aliruka nje kabla magurudumu hayajasimama. Akaiendea kabureta. Akafungua skrubu za juu, akainua kifuniko, akachungulia bakulini, mahali petroli inapokaa ikingoja kunywewa na injini. Kukavu. Kukavu kama kikombe cha mgeni asiyekaribishwa. Akalichukua boya, kile kichupa cha shaba kinachoelea na kufunga mafuta yakijaa, akalitikisa sikioni. Boya lililotoboka hujaa petroli, likachakacha. Hili halikuchakacha. Akachomoa jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, akaiinua juani; nuru ikapita katikati safi kabisa. Hata hivyo akaiweka midomoni akaipuliza kwa nguvu, kwa sababu fundi aliyefika mahali hapo lazima apulize kitu.

"Kuna nini humo?" Paskazia akauliza.

"Hakuna kitu. Ndiyo hatari yenyewe. Pampu nzima, kabureta nzima, na mafuta hayaji. Hii si ufundi tena, mama Rose. Hii ni mikono ya watu."

Alikuwa ameona jambo jingine pia, lakini hakulitaja kwa kuwa hakujua alitie katika kapu gani. Mpira unaotoka tangini kuja kwenye pampu ulikuwa umebonyea, umejinyonya ndani kama mashavu ya kizee asiye na meno. Alipouchomoa ukafura tena, fyu, ukarudi duara. Akaurudisha mahali pake. Pijo likawaka.

"Masele," Bibi Evelina akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. "Uliapa mbele za watu. Mimi nimepewa kazi ya kuimba tu. Lakini nikifika nimechelewa, wimbo wangu wa kwanza utakuwa wewe."

Masele akakanyaga mafuta. Hakuna kitu Mgika anachokiogopa kama kutiwa kwenye wimbo wa manju wake mwenyewe. Wimbo wa manju hukaa kuliko kaburi. Watoto ambao hawajazaliwa wataucheza.

*

Mara ya tatu lilizima kwenye kilima kabla ya Kisesa, na hapo ndipo roho ilipomtoka mzee Masele ikakaa kando ya barabara ikamtazama. Kwa maana walikuwa wanazisikia ngoma. Upepo ukigeuka zilikuja waziwazi kutoka Bujora: za kupashia tu, za kuita watu, lakini za pande zote mbili. Bibi Evelina akatoka garini, akavua viatu, akaanza kupanda kilima kwa miguu.

"Mama! Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Ni mbali!"

"Ndiyo maana nimeanza."

Ndipo pikapu ikatokea nyuma, ikitoka kuchukua wachezaji Usagara, imejaa watu wenye manyoya na njuga, na ngoma kubwa ya Bagalu imefungwa kamba juu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwenye usukani alikuwa Mbaruku. Alipoliona Pijo boneti wazi, akapunguza mwendo, akatoa kichwa, akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Mtani! Mbona unalipepea? Linahisi joto?"

"Muuaji!" Masele akamfuata mbio na spana. "Umeniuzia pampu mfu! Na kama si pampu, umetia kitu tangini! Sukari! Dawa! Nakujua wewe!"

Kama angemtukana mama yake, Mbaruku angecheka, maana utani unaruhusu. Kama angemtukana babu yake Mzaramo na reli yote, angecheka vilevile. Lakini alikuwa ametukana pampu. Mbaruku akazima pikapu katikati ya barabara, akashuka. Wachezaji wake wakaguna, wakamkumbusha saa, hakuwasikia.

"Pampu yangu? Pampu niliyoijaribu mwenyewe kwa mkono wangu? Pampu ile nzima kuliko wewe, mzee! Na sukari nikuwekee ya nini, nyumbani kwangu hakuna watu wa kunywa chai? Haya, twende tangini. Ninuse mbele ya mkeo. Nikikuta sukari, niite mwizi mpaka kiama!"

Akazunguka nyuma, akashika kifuniko cha tangi. Kilikataa. Akakitia mikono miwili, akakunja uso, akazungusha.

*Fyuuuuuuu.*

Tangi likavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa chini ya maji. Ilikuwa ndefu mno; kofia ya Paskazia iliinama upande ule, na kipepeo aliyekuwa anapita akaingia ndani asionekane tena. Hata Bibi Evelina huko kilimani akageuka.

Mbaruku alikitazama kifuniko. Akaiona pete ya mpira. Akakigeuza, akaona tundu, na ndani ya tundu ile nta. Akaichokonoa kwa ukucha. Akamtazama Masele, akaitazama nta, akaanza kucheka polepole kutoka tumboni.

"Mtani," akasema. "Umeliziba pua."

Masele alielewa. Alielewa yote kwa mara moja, mpira uliojinyonya na bakuli kavu, na petroli iliyokuja kila alipochomoa kitu. Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake, na yeye hewa alikuwa ameifungia nje kwa nta na pete. Pampu ilivuta ikavuta dhidi ya tangi lililofungwa mdomo, mpaka ikashindwa, kama mtoto anayenyonya chupa bila kuachia. Hakuna mchawi. Mchawi alikuwa yeye na tochi yake.

Lakini mwanadamu si lazima aseme kila anachoelewa. Masele akaruka, akanyoosha spana mbinguni.

"Mmesikia? Mmesikia wote? Dawa yao hiyo inatoka! Kafungua mwenyewe kwa mkono wake, na dawa imemkimbilia bwana wake!"

"Dawa? Hii ni nta! Nta uliyoi..."

"Manju! Dawa imetoka! Rudi garini!"

Akarukia usukani. Pijo likawaka, likanguruma, kifuniko mkononi mwa Mbaruku na tangi wazi likipumua upepo wa Kisesa. Wakamkuta Bibi Evelina njiani, wakampakia akiwa anatembea, na Paskazia akaushikilia mlango kwa kuwa haukuwahi kufungwa. Mbaruku aliwafuata kwa pikapu, akipiga honi kwa hasira, kifuniko dirishani.

*

Masele alimfikisha manju ngoma zikiwa bado za kupashia. Hilo halina ubishi, hata maadui wanalikubali. Alimshusha mbele ya Bagika, na kiatu chake hakikuwa na vumbi kwa sababu alikuwa amekishika mkononi.

Na Bibi Evelina hakupoteza alichokisikia. Alipoinua usinga, wimbo wake wa kwanza ulikuwa wa tangi. Aliimba jinsi Bagalu walivyofungia dawa katika gari la mzee, jinsi gari lilivyougua mara tatu, jinsi Mgalu mwenyewe alivyokuja kuifungulia mlango, na ile dawa ikatoka *fyuuuuu*. Wachezaji wote wakaitikia *fyuuuuu*, wakijinyonya mashavu, wakirusha juu majembe yao ya kuchezea. Umati ukayumba. Wa kwanza wakatoka upande wa Bagalu kama wanaokwenda kutazama tu. Kisha kumi, kisha safu nzima, na watoto, na wauza karanga. Masele akasimama pembeni ya Pijo lake akipokea mikono ya watu, na kwa kila mkono dawa ikaongezeka. Mwanzo ilikuwa na harufu. Baadaye ikawa na rangi. Alipomfikia muuza miwa ilikuwa na manyoya na ilimuuma kidole.

"Uongo!"

Mbaruku akapasua umati, kifuniko juu. "Uongo mtupu! Huyu mzee kaziba tangi lake kwa nta, gari likakosa pumzi. Nikamfungulia mimi. Hakuna dawa!"

"Nta inazuiaje gari?" Masele akauuliza umati, si Mbaruku. "Asali na gari wapi na wapi?"

Watu wakacheka.

"Tujaribu," Mbaruku akasema. "Hapa hapa. Nairudisha nta yako na pete yako kama ulivyoziweka. Uzunguke uwanja huu mpaka niseme basi. Likizima, wewe mwongo. Lisipozima, mimi mchawi, nikukabidhi ngoma yangu."

Lo! Ngoma ya Bagalu kukabidhiwa Mgika! Hata wachezaji wakasimama. Bibi Evelina akashusha usinga, akaja kutazama akifuta jasho. Mbaruku akaiminya nta tunduni mbele ya macho ya wote, akaweka pete, akakaza.

"Ngoja nikague," Masele akasema. "Asije akanitilia kingine." Akazunguka nyuma ya gari, akainama, akakipangusa kifuniko kwa upole kama anayempangusa mtoto pua. Alichukua muda kidogo. Kisha akakaa kwenye usukani.

Pijo likazunguka. Likazunguka tena. Vumbi likapanda, watoto wakafuata mbio, na Mbaruku akasimama mikono kiunoni akingoja kikohozi. Kikohozi hakikuja. Likazunguka mpaka wauza karanga wakachoka kulikwepa, mpaka nyasi zikakata tamaa, mpaka Bagika wakaanza kuiimbia ile ngoma ya Bagalu nyimbo za kuikaribisha nyumbani. Injini iliimba ule wimbo wake mmoja mzuri, na Masele alikuwa ametoa mkono dirishani akiwapungia watu kama kiongozi wa nchi ndogo.

Mbaruku alikuwa ameshanaswa na maneno yake mwenyewe. Lakini alikuwa muuza vipuri, na muuza vipuri haamini sikio lake, huamini kidole. Pijo lilipopita karibu akalikimbilia, akaenda nalo sambamba, akaweka kidole juu ya kifuniko. Akahisi kitu kinamnyonya ncha ya kidole, kidogo tu, kama mwana wa mbuzi.

"Simamisha! Linapumua!"

Likasimama. Mbaruku akafungua kifuniko, akakiinua juani. Katikati ya nta, mwanga ulipita kwa tundu moja safi.

"Nta niliiminya mimi. Nani kaitoboa?"

"Nyuki," Masele akasema. "Nyuki hurudia nta yake."

Umati ulikuwa tayari kumpa hilo. Lilikuwa jibu zuri. Ila Paskazia alikuwa amesogea dirishani. Ndoa ya miaka mingi humfundisha mwanamke mahali mumewe anapoficha vitu.

"Baba Rose, nyoosha mkono."

"Mkono upi?"

"Huo unaoupenda."

Akakunjua upindo wa mkono wa shati la mumewe, akatoa mwiba wa mgunga, mrefu, mweupe. Akauinua juu watu wauone. Kwenye ncha yake kulikuwa na nta.

Mbaruku hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole, ule upole wa pwani unaokata kuliko wembe: "Mtani. Kama nta haina kosa, mwiba wa nini?"

Masele akafungua mdomo. Watu wote wa Bujora walikuwa wanamsubiri. Mdomo ukabaki wazi, ukavuta hewa.

"Fyuuuuu," mtoto mmoja akasema.

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Bagalu walicheka wakalala chini na njuga zao, Bagika wakacheka kwa aibu, kisha wakacheka kwa dhati. Bibi Evelina ndiye aliyenyamazisha watu, kwa kuinua usinga tu.

"Manju nilifikishwa kabla ya ngoma," akasema. "Neno hilo katimiza, na Mgika atabaki kuwa. Lakini kanitilia uongo kinywani, nikauimba. Mtani wake, sema unachotaka."

Mbaruku hakuwa na haja ya kufikiri. Kwa mtani aliyekamatwa hakuna rufaa.

"Ngoma yetu haiendi nyumbani kwa pikapu leo," akasema. "Inakwenda kwa Pijo."

Basi jioni ile, Bulabo ilipokwisha, watu wa Kisesa na Igoma wakaona jambo. Ngoma kubwa ya Bagalu ilikuwa imefungwa juu ya Pijo la Mgika. Ndani walikuwa Bagalu watano wenye manyoya, mmoja akiwa amekalia mayai. Mbaruku alikaa kiti cha mbele alipokuwa amekaa manju, kiwiko dirishani, akipunga kwa niaba ya wote. Paskazia alikuwa ameondoka na Hiace, na kwa kweli alikwenda akicheka.

Na hukumu haikuishia hapo. Kila walipopita penye watu, Mbaruku aliuanzisha wimbo wa Bagalu, ule unaowasifu kuwa wao ndio wenye ngoma tangu dunia iumbwe, na ilikuwa lazima dereva apige honi na kuitikia. Masele aliitikia kwa meno.

"Sisikii, mtani!"

"Bagalu ndio wenye ngoma," Masele akasema.

"Watu wa Igoma hawajasikia!"

Mzee akatoa kichwa dirishani, akavuta pumzi, akaimba kwa sauti yake yote.